Kwenda mjini kununua vitambaa vya viraka pamoja na mume asiyeshona

Safari yangu ya kwanza ya vitambaa pamoja na mzee wangu iliishia kimya. Tulitoka nyumbani saa mbili asubuhi, tukarudi saa kumi na mbili jioni, na kutwa nzima kazi yake ilikuwa kusimama milangoni mwa maduka na mifuko yangu mikononi. Simu yake ilizima saa saba. Chakula tulikipata saa tisa, maana kila duka nililoingia nilimwambia ndilo la mwisho. Hakuteta hata mara moja. Ndani ya matatu ya kurudi aligeukia dirisha mpaka tukashuka, na usiku ule vitambaa vizuri nilivyokuwa nimenunua sikutaka hata kuvitazama.

Tangu siku hiyo tumeenda mara nyingi, na siku hizi yeye ndiye huuliza, "Mama, mjini tunaenda lini tena?" Kushona bado hakumvutii, sindano hajaishika na wala simwombi aishike. Tulibadilisha namna tunavyoipanga siku, na zaidi ya yote nilimpa sehemu ya blanketi la viraka, lile linaloshonwa kwa vipande vingi vya vitambaa, iwe yake. Hatua hizi namwandikia mshonaji mwenzangu wa Nairobi aliye na mwenzi wa namna hiyo. Kama mshonaji ni mume na asiyeshona ni mke, mambo ni yale yale.

1. Piga hesabu ukiwa nyumbani

Kinachomchosha mtu asiyeshona ni kukuona umesimama mbele ya jora robo saa nzima, unawaza. Maliza kuwaza usiku wa kuamkia safari, mezani, na karatasi na kalamu.

Tuchukue blanketi la kitanda cha mtu mmoja, inchi 60 kwa 78, kwa viraka vya mraba ambavyo vikishashonwa vitakuwa inchi 6. Kila kiraka utakikata inchi 6 na nusu, kwa kuwa mshono hula robo inchi kila upande. Viraka 10 kwa upana, 13 kwa urefu: jumla 130.

Sasa rudi kwenye kitambaa. Poplini na vitenge vingi vina upana wa kama inchi 44 au 45, kwa hiyo mkanda mmoja uliokatwa kutoka ukingo hadi ukingo hutoa viraka 6. Hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Mita nusu ni inchi 19.7. Mikanda 3 ya inchi 6 na nusu inataka inchi 19 na nusu. Kwenye karatasi inatosha kabisa. Ukifika nyumbani haitoshi, kwa sababu kijana wa dukani amekata kwa haraka na mkasi umekwenda upande, halafu pamba ikifuliwa hunywea. Kwa hiyo katika kila mita nusu hesabu mikanda 2 tu, yaani viraka 12. Aina 11 za vitambaa, mita nusu kila moja, zitakupa viraka 132, na viwili vitabaki.

Ukipendelea aina chache, omba sentimita 60 badala ya 50. Hapo mikanda 3 inatoka bila wasiwasi, viraka 18 kila aina, na aina 8 zinakutosheleza. Jumla umenunua mita 4.8 badala ya 5.5. Maduka mengine hayakubali kukata chini ya mita moja. Hapo nunua mita nzima ya rangi utakayoitumia pia kwenye pindo, maana pindo la kuzunguka blanketi hilo lote linahitaji karibu mita nusu.

Kitambaa cha nyuma kizidi blanketi kwa inchi 4 kila upande, yaani kiwe 68 kwa 86. Kitambaa cha mashuka chenye upana wa inchi 90 kitakutosha kwa mita 2 bila kiungo, ukilaza ule upana wa inchi 90 kwenye urefu wa blanketi. Lakini usikinunue bado. Nitarudi kwenye upande wa nyuma, kwa kuwa ndio uliobadilisha safari zetu.

Andika yote kwenye karatasi moja: aina, mita, rangi. Bandika juu yake kijipande cha kila kitambaa ulicho nacho tayari. Rangi ya samawati uliyoiacha kabatini hutaikumbuka ukiwa dukani chini ya taa. Mimi nimejaribu mara nyingi na kila mara nimerudi na samawati nyingine.

2. Chagua upande mmoja wa mji

Nairobi ina sehemu tatu ambazo mshona viraka hazimwishi hamu: Biashara Street, Gikomba na Islii, yaani Eastleigh. Usizifanye zote siku moja. Ukiwa peke yako labda utaweza. Ukiwa na mwenzi, utamrudisha nyumbani akiwa hoi.

Gikomba ni ya alfajiri. Marobota ya mitumba hufunguliwa mapema, na wanaokuja mapema ndio wanaoondoka na kamera, yaani ile mali safi ya kwanza. Mshona viraka huko hatafuti nguo ya kuvaa. Anatafuta shati la mwanamume la pamba tupu lenye mgongo mpana usio na mshono, au shuka zito la pamba lililofuliwa likalainika. Vitambaa hivyo vimeshanywea na rangi imeshatulia, vina raha ya kushona ambayo kitambaa kipya hakina. Ila Gikomba ina msukumano, ina mikokoteni inayopita ikipigiwa mbinja, na mvua ikinyesha ina tope la kufika kwenye kifundo. Kama mwenzako hapendi kusukumwa, nenda na rafiki siku nyingine.

Islii ni ya jumla. Matatu za namba 6 na 9 zinakupeleka. Mashuka, mapazia na majora ya kila namna yamejaa kwenye yale majumba ya maduka, na historia yake inapendeza kumsimulia mtu asiyejali vitambaa: Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya kulala wageni, wafanyabiashara Wasomali wakaanza kuuza bidhaa vyumbani, na kufikia miaka ya 1990 vyumba vikawa maduka, kisha mtaa mzima ukafuata. Siku ya Ijumaa kumbuka kwamba adhuhuri watu wanakwenda kuswali na maduka mengi yanafungwa kwa muda huo.

Kwa safari ya kwanza pamoja na mwenzi mimi nasema Biashara Street, bila kusita. Ni barabara fupi katikati ya jiji, iliyokuwa ikiitwa Bazaar Street enzi za ukoloni, na familia zenye asili ya Kihindi zimefanya biashara hapo tangu miaka ya mwanzo ya jiji. Leso, vitenge, vikoi, poplini, uzi, vifungo, zipu: vyote viko hatua chache kutoka kimoja hadi kingine. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba ukitoka dukani, dakika tano kwa miguu mwenzako ana mahali pa kwenda. Nenda Jumamosi asubuhi au siku ya kazi. Jumapili utakuta milango mingi imefungwa.

3. Gawaneni saa kabla ya kugawana pesa

Nilidhani mzee wangu anaumizwa na pesa. Nilipomuuliza, alisema hajui siku itakwisha saa ngapi, na hilo ndilo linalomchosha. Mtu aliyeambiwa "nitatoka saa tano na nusu" anaweza kufurahia saa nzima. Mtu aliyeambiwa "ngoja kidogo" hawezi kufanya lolote, hata soda hawezi kwenda kunywa.

Kwa hiyo siku yetu ina vipande vitatu. Saa tatu hadi saa tano na nusu mimi niko peke yangu madukani. Saa tano na nusu hadi saa saba tuko pamoja, kwa ile kazi yake nitakayoieleza. Saa saba ni chakula, hata kama nimeona kitenge cha ndoto yangu saa saba kasoro dakika mbili. Baada ya chakula nina saa moja ya kurudia nilichokisahau, kisha tunaondoka.

Kama mwenzako anafuata mpira wa Uingereza, tazama ratiba kabla ya kupanga, na ukumbuke kwamba saa zinahama. Mechi za Jumamosi za saa tisa kule huanza saa kumi na moja jioni kwetu wakati kule ni majira ya joto, na saa kumi na mbili jioni kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi. Mechi ya mapema huangukia saa nane na nusu au saa tisa na nusu. Siku timu yake inacheza mapema, mimi hubadilisha siku. Ni jambo dogo, lakini mtu huona kwamba umelifikiria.

Yale masaa mawili na nusu ya kwanza naye ana pake. Mzee wangu hupenda Jeevanjee Gardens, bustani iliyotolewa kwa jiji na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka 1906. Kuna vivuli na viti, na kuna Bunge la Mwananchi, ile baraza ya watu wanaokutana kujadili siasa na bei ya unga. Akiingia mjadala huo sitamsikia mpaka nimpigie. Siku nyingine huenda Kenya National Archives kwenye Moi Avenue, jengo lililokuwa la benki, ambako ghorofa ya chini ina mkusanyo wa sanaa na vinyago wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Mwenye gari lenye matatizo atajipeleka Kirinyaga Road kutafuta vipuri. Anayependa redio na spika, Luthuli Avenue. Usimchagulie wewe. Muulize, kisha muandike mahali pa kukutana: mlango upi, saa ngapi. Sisi hukutana langoni mwa City Market, upande wa Muindi Mbingu Street, kwa sababu hakuna anayeweza kusema hakuliona.

Pesa hazihitaji maneno mengi. Tajeni kiasi kabla ya kutoka. Mimi huweka pesa ya vitambaa kwenye M-Pesa na ya chakula na nauli hukaa mfukoni mwake. Kuna wenzetu huficha vitambaa chini ya kitanda na kuvitoa kimoja kimoja wakidai ni vya zamani. Sikubaliani nao. Kazi ya mikono yako ni kazi, na gharama yake isemwe mchana kweupe.

4. Mpe upande wa nyuma

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote.

Blanketi la viraka lina nyuso mbili. Ule wa juu ni wangu: nimepanga rangi, nimepima, nimeshapajua kila kiraka mahali pake. Ule wa chini ndio unaogusa ngozi ya mtu aliyelala. Nilipotambua hivyo nikamwambia mzee wangu, "Nyuma chagua wewe. Rangi, kitambaa, kila kitu. Mimi sitasema neno." Akadhani ni utani. Tulikuwa kwenye kaunta ya duka la leso, amekuja kunichukua tukale, na muuzaji alikuwa akifungua leso moja moja, anazikung'uta na kuziacha zitande juu ya meza.

Mzee wangu akaanza kusoma majina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso. Alisoma kwa sauti, kama mtu asomaye gazeti kwa kinyozi: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Muuzaji akamvutia nyingine. Akaisoma, akatikisa kichwa, akaisogeza. Wakaingia wateja wengine wawili, mama na binti yake, nao wakaanza kusikiliza. Akafikia moja ya kijani kibichi yenye pindo jeusi na korosho kubwa katikati, akaikazia macho. "Japo sipati, tamaa sikati." Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza bei mwenyewe, akaomba apunguziwe, akapunguziwa. Miaka kumi na minne ya ndoa, na sikuwahi kumwona akipatana bei ya kitambaa.

Ukitaka kutumia leso kama nyuma, hesabu yake ni hii. Leso huuzwa kwa doti, yaani mbili zilizoungana, na kila moja ina karibu sentimita 150 kwa 110. Ukizikata na kuziunganisha kwa zile kingo ndefu unapata kama sentimita 218 kwa 150. Urefu unafika. Upana haufiki, kwa kuwa tunataka 173, yaani zile inchi 68. Ongeza mkanda wa kitambaa cha rangi moja, sentimita 15 kila upande. Gawanya kushoto na kulia sawasawa, ili majina yabaki katikati na yasiliwe na pindo. Leso mpya ina wanga mwingi na huonekana ngumu. Ikifuliwa mara mbili inalainika kabisa, na ule wepesi wake unapitisha sindano vizuri.

Kama mwenzako anachagua kitu ambacho wewe usingekichagua hata kwa dawa, nyamaza. Umempa, umempa. Mara nyingine wangu alichagua shuka la mistari ya kahawia ambalo mimi niliona halifanani na chochote, na nililishona hivyo hivyo. Baridi ya Julai ikija hulipindua blanketi hilo, mistari juu, viraka vyangu chini. Nimeshazoea.

5. Vya kubeba

Mifuko miwili mikubwa ya kitambaa au kiondo imara, kwani tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini na si kila duka litakupa ya karatasi. Futi ya kupimia. Kiberiti. Kitambaa cheupe kidogo, na chupa ya maji. Simu mbili zenye chaji kamili na betri ya akiba. Viatu vilivyokwisha kuzoea miguu, si vile vipya vya Jumapili. Mkoba wa pesa uwe mbele ya mwili, na simu usiitoe barabarani bila sababu.

6. Ukiwa dukani

Anza na vile vitambaa vigumu kupata. Mimi rangi ya kunisumbua ni njano ya haradali, kwa hiyo hiyo huitafuta kwanza nikiwa na nguvu. Nyeupe na nyeusi ziko kila mahali na zinaweza kungoja. Salimia kwanza, halafu eleza unachoshona. Wauzaji wa Biashara Street wameona kila namna ya mshonaji, na ukisema "nataka vipande vya viraka, mita nusu nusu, aina kumi na moja," wengi wataelewa mara moja, na wapo watakaokutolea mabaki ya majora kwa bei nafuu. Mabaki hayo ndiyo mali ya mshona viraka. Uliza hasa: "Una mabaki ya pamba?"

Sisitiza pamba. Poliesta haikunjiki ikakaa, mshono wake unavimba, na kiraka kilichokatwa inchi 6 na nusu kinageuka kuwa cha pembe tisa ukikivuta kidogo. Kile kinachoitwa TC ni mchanganyiko wa poliesta na pamba. Kwa sare ya shule kinafaa, kwa blanketi la viraka kinakubali shingo upande. Niliwahi kununua mita tatu za zambarau nilizoambiwa ni pamba tupu. Nyumbani pasi ilipogusa, kitambaa kiling'aa, kikajikunja na kunata. Mita zote tatu ziliishia kuwa matambara.

Tangu hapo hatununui bila kuchoma. Omba nyuzi mbili tatu kutoka kwenye ukingo wa jora, toka nje ya duka, zisokote na uziwashe kwa kiberiti ukizishika kwa koleo ndogo au pini ndefu. Pamba huungua haraka kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua, na jivu lake ni laini la kijivu, unalipuliza linapotea. Poliesta huyeyuka na kujikunyata, inanuka plastiki, na inabaki punje nyeusi ngumu usiyoweza kuisaga kwa kidole. Mchanganyiko hukuonyesha vyote viwili. Kazi hii nimemwachia mzee wangu. Anaifanya kwa makini ya daktari, na wauzaji wakimwona anatoka na nyuzi zake wanaanza kusema kweli wenyewe.

Halafu jaribu rangi. Lowesha kile kitambaa cheupe, sugua kona ya kitenge, hasa nyekundu na bluu iliyokolea. Rangi ikibaki nyingi kwenye kitambaa cheupe, jua kwamba hiyo itavujia jirani zake ndani ya blanketi. Unaweza kuinunua bado, ila itafuliwa peke yake mara nyingi kabla ya kukatwa.

Simamia upimaji. Tazama kitambaa kinapolazwa kwenye mita ya kaunta, kisivutwe. Lipa kwa namba ya till, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha malipo, kisha piga alama kwenye karatasi yako: aina hii imekwisha. Ukiona umeanza kununua usichokiandika, rudi kwenye karatasi. Ninajiruhusu kitambaa kimoja tu cha moyo, kimoja kila safari.

7. Chakula kiwe cha kukaa chini

Usimlishe mwenzako smoki ya barabarani akiwa amesimama halafu useme mmekula. Wale wapendao samaki wana City Market pale pale, tilapia wa kukaanga na ugali. Kama mmekwenda Islii, kaeni kwenye mkahawa wa Kisomali: wali wa viungo, nyama ya ngamia, ndizi mbivu pembeni, na chai ya maziwa yenye iliki. Na kama mzee ni wa nyama choma, shukeni Kariokor njiani, soko ambalo jina lake linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Akisubiri nyama iive, wewe unaweza kutazama viondo, na kiondo kizuri cha katani ni mahali bora pa kuwekea viraka vilivyokwisha kukatwa.

Mezani usifungue mifuko. Vitambaa vina usiku wao. Ongeeni mengine.

8. Wadingi mwisho

Wadingi, ile pamba ya shiti inayokaa katikati ya nyuso mbili, ni nyepesi kama manyoya lakini inachukua kiti cha mtu mzima. Ukiinunua asubuhi, mmoja wenu amefungwa nayo kutwa nzima, na unajua ni nani. Inunue saa ya mwisho, njiani kuelekea stejini, iviringishwe na kufungwa kamba. Blanketi letu la mfano linataka kipande cha inchi 68 kwa 86, sawa na kitambaa cha nyuma. Chagua nyembamba, ile nene inapendeza kuishika lakini cherehani ya nyumbani haiipendi. Ukiona bei imepanda sana, blanketi jepesi la zamani lisilo na manyoya mengi linafaa kuwekwa katikati, na kwa baridi ya Nairobi linatosha.

9. Jioni ile ile

Usiviache vitambaa kwenye mifuko mpaka wiki ijayo. Tenga vyekundu na vya bluu iliyokolea, vifue kila kimoja peke yake kwa maji baridi, rudia mpaka maji yatoke meupe. Vingine vifue pamoja. Kabla ya kuloweka, kata pembe ndogo ndogo za kila kipande ili nyuzi za ukingoni zisifumuke na kusokotana. Anika kivulini, na uvitoe vikiwa na unyevu kidogo, hapo pasi inavinyoosha bila kazi.

Leso zake zifue pia usiku huo huo, na uzianike mahali atakapoziona asubuhi akienda kazini. Zikishakauka ziunganishe kwanza, kabla hujakata kiraka hata kimoja cha upande wako, kisha umwite aje asimame nazo, mkono mmoja kila pembe, mtazame kama majina yamekaa sawa.